Nilimwambia Bi Zaituni Amesahau Siku

Jamani, mkosaji ni mimi. Si kompyuta, si dereva, wala si yule mama wa watu. Ni mimi! Neno hili limenikaa kifuani miaka yote, na leo nawaambia nyinyi kwa sababu mwenye haki ya kuambiwa nilishindwa kumwambia.

Ilikuwa miaka ile kambi za wakimbizi zimejaa, na Kigoma kila mwenye gari anakodisha. Bosi wangu, Baba Shukuru, alikuwa na Landkruza tatu kuukuu. Mimi ndiye niliyekuwa na cheti cha kompyuta, basi nikamtengenezea jedwali la safari: tarehe, mteja, gari, anakokwenda. Nilivyoringa nalo! Mtu akibisha tu, namgeuzia kioo cha kompyuta: "Soma mwenyewe."

Akaja Bi Zaituni wa Rusimbi. Kwao ni ng'ambo, Kongo, ila aliolewa huku tangu msichana. Yaya wake, ndivyo wanavyomwita dada mkubwa, alikimbia vita akafikia kambini, na sasa alikuwa mahututi. Hawakuwa wameonana tangu harusi ya Bi Zaituni. Kibali cha kuingia kambini alikipata kwa kuhangaika, nacho kilikuwa cha Alhamisi hiyo tu. Ikipita, kimekufa.

"Mwanangu, andika vizuri. Alhamisi."

"Usijali, Bibi. Hii haisahau."

Nikaandika mbele ya macho yake.

Jumatano wakaja wageni wa mradi mmoja mkubwa. Mie na ushamba wangu nikaona aibu wakikuta kwenye jedwali kina Bi Zaituni, mwenye msiba wa Mwandiga, bwana harusi wa Ujiji. Nikaificha mistari ya watu binafsi yote, ibaki ya miradi tupu, tuonekane wakubwa. Wakauliza, "Kesho mna gari?" Nikatazama kioo. Gari mbili zina safari, ya tatu haina kitu. "Lipo!" nikasema. Hata sikukumbuka kuwa nimeficha watu. Walipoondoka nikaenda zangu kula.

Alhamisi asubuhi gari lilikuwa limeshaondoka na wageni. Bi Zaituni akaingia na mwanawe Hamisi, kajifunga kanga mpya, kabeba kifurushi cha migebuka mikavu, samaki wa ziwa letu, na chupa ya mawese. "Yaya alipenda migebuka," aliniambia, anacheka kabisa.

Nikafungua jedwali, nikairudisha ile mistari. Jina lake lile pale. Alhamisi. Gari lake ndilo nililowapa wageni.

"Kuna nini?" Baba Shukuru akauliza kutoka mlangoni.

Hapo ndipo nilipopotea. Ningesema, angenitukana, labda angenifukuza, lakini angehangaika hata kwa jirani gari likapatikana. Badala yake vidole vyangu vikaifuta ile tarehe, vikaandika ya wiki inayofuata. Nikageuza kioo.

"Bibi uliandikisha wiki ijayo. Soma mwenyewe."

Hakujua kusoma. Hamisi ndiye aliyesoma. "Ah, Mama! Kibali cha leo, gari la wiki ijayo? Umeanza kuzeeka sasa!"

Bi Zaituni alinitazama, akamtazama mwanawe. "Nilisema Alhamisi," akasema taratibu. Kisha akainama. "Au labda ni mimi. Nisamehe, mwanangu."

Ananiomba msamaha mimi!

Walikwenda Mwandiga kungoja lori la kuwabeba. Mvua ikawanyeshea hapo mpaka alasiri, lori lisipatikane, akarudi na migebuka yake. Kabla hajapata kibali kingine, taarifa ikaja kwamba yaya amefariki. Walimzika kambini majirani tu.

Haikuishia hapo. Watoto wake wakasema mama anasahau, hafai tena kukaa na biashara. Wakamwondoa kwenye meza yake ya mawese pale sokoni Ujiji, mama aliyekuwa anajua madeni ya soko zima kwa kichwa. Akawa mtu wa kukaa kibarazani.

Siku moja nilipita, nikasema shikamoo. "Marahaba. Leo siku gani, mwanangu?"

"Jumanne, Bibi."

"Una hakika? Mimi huwa nauliza. Yaya alikufa ananingoja, nilisahau siku."

Nilifungua mdomo, wallahi nilifungua! Kilichotoka ni "Haya Bibi, baadaye." Nikaenda. Tangu hapo nikawa nazunguka njia ya nyuma.

Wenzangu mnaokaa kwenye kompyuta za watu, kukosea kupo. Ukikosea, sema pale pale, mwenye safari akiwa bado na kifurushi chake mkononi. Usingoje siku nzuri ya kusema, haiji. Mimi niliingoja mpaka nikasikia msikiti wa Rusimbi ukitangaza msiba wake. Bi Zaituni amezikwa akiamini ni yeye aliyesahau.