Kiwanja cha Mzee Byamungu

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, kiangazi kikiwa kinaisha, mzee mmoja Mkongo alipobisha mlango wangu kule Columbus akiwa bado na suti yake ya kanisani. Nilimkaribisha kiti, akakataa. Nikampa soda, akaiangalia tu. Nikajua limekuja jambo.

Lakini ngoja nirudi nyuma kidogo. Mwenye aibu huzunguka njia kabla ya kufika, nawe utanivumilia.

Miaka ile ya katikati ya elfu mbili na kumi nilikuwa nimeshavuka thelathini, ila miguu yangu ilikuwa bado ya mtoto. Shule niliiachia kidato cha pili kwetu Singida, na tangu hapo sikukaa mahali nikazoeleka. Niliishi Louisville, mtaa wa Beechmont, kwa binamu yangu. Nikachoka, nikahamia Columbus kufanya kazi ya ghalani. Kitu kimoja tu sikukichoka: kuuliza. Nilimwuliza kila mtu kila kitu, na Kiingereza changu nilikiokota hivyohivyo, kwenye vituo vya basi.

Basi kaskazini ya mji, karibu na Westerville, palikuwa na uwanja wa kriketi mkongwe kuliko nyumba zote zilizouzunguka. Ulianzishwa na Waingereza waliokuja kufanya kazi kiwandani. Wajukuu wao wakaipenda besiboli, kriketi ikafa, uwanja ukabaki na nyasi zake, kibanda cha mbao chenye kibaraza, na jiwe kubwa la mviringo la kusawazishia ardhi, ambalo zamani lilivutwa na farasi. Haya nilihadithiwa na Mzungu mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa wake pale. Nilimwuliza hata jina la farasi.

Kisha walikuja Wanepali, wakimbizi kama Wakongo, wakaufufua. Jumamosi wakicheza wao kriketi yao. Jumapili baada ya ibada, vijana wa Kikongo wakipiga mpira wa miguu, na akina mama wakipakua fufu na sombe, yaani ugali na kisamvu chao, kibarazani. Mapatano hayo aliyafanya Mzee Byamungu, huyo wa suti, pamoja na nahodha wa Wanepali aliyeitwa Hari. Hawakuwa na lugha moja. Walipatana kwa vidole na vicheko.

Ikaja kampuni kutaka kujenga nyumba pale. Baraza la mji likaitisha mkutano wa hadhara, na Hari akamwomba mzee aje aseme kuwa uwanja ule si wa Wanepali peke yao. Binti yake mzee, mwenye kujua Kiingereza, alikuwa kazini siku hiyo, basi akatafutwa mkalimani. Nilijitolea kabla sijaombwa.

Mzee alisimama mbele ya wakubwa wale, akasema polepole: "Sisi tulikimbia vita, tulifika huku mikono mitupu. Bon. Tunaomba kitu moja tu, kiwanja. Bila kiwanja, watoto yetu watapotea. Mutupatie kiwanja, Mungu atawabariki."

Mwanangu, kwetu Singida ukisema kiwanja bila kuongeza neno, tunaelewa pa kujenga nyumba. Nikawaambia wale wakubwa kwamba mzee anaomba ardhi ya kujengea. Ningeishia hapo, lingekuwa kosa la sikio. Lakini niliona watu wananisikiliza, nami sikuwa nimezoea kusikilizwa. Nikatia chumvi. Nikaeleza jinsi familia zinavyobanana vyumbani, jinsi wanavyoota nyumba mpya. Hayo yote mzee hakuyasema. Yule bwana wa kampuni akatabasamu. Hari akageuka kumtazama mzee, mdomo wazi, nikadhani ameguswa. Nasi tulipotoka, mzee akanishika mkono kwa mikono yake miwili: "Aksanti sana, kijana yangu." Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilikuwa nimejikwaa, na nikatembea nikiringa.

Sasa turudi mlangoni.

"Hari hanisalimie tena," mzee akasema. "Furaha, binti yangu, amemuuliza sababu. Anasema niliwauza. Kijana, mie nilisema nini pale?"

"Ulisema kiwanja, mzee."

"Kiwanja ya mupira! Ya kujenga tunaita parsele. Na huu uzee wangu, parsele ntafanya nayo nini? Nipande juu ya nyumba nipige misumari?"

"Kwetu, mzee, kiwanja ni..."

"Kwenu. Na mwenye kusema alikuwa nani, wewe ao mie?" Akaninyoshea kidole. "Uliuliza Mzungu jina ya farasi yenye ilikufa zamani. Mie nilikuwa mzima, nimesimama karibu yako, hukuniuliza neno moja."

Akaniambia baraza linapiga kura Jumanne, niende nikaseme kwa kinywa changu mwenyewe kwamba nilikosea. "Ntakungojea kwa mlango," akasema. Nikamjibu, "Nitakuja, mzee."

Jumatatu nikapanda basi la kwenda Buffalo. Nilijiambia nakwenda kuona maporomoko makubwa ya maji, kwamba nimeyatamani siku nyingi. Mtu mdadisi hakosi kisingizio.

Furaha alinipigia simu huko. Hakufoka. "Baba alisimama, nikamtafsiria mie. Wakasema, mbona mkalimani wa kwanza alisema vingine? Iko wapi? Baba akawaambia uko njiani, wangojee kidogo. Wakangojea. Baba alikuwa anaangalia mlango tu." Kisha kura ikapigwa, na uwanja ukaenda.

Leo pana nyumba nzuri sana pale. Kibanda wamekiacha, kimekuwa ofisi ya kupangishia, na ukutani wametundika picha za wale Waingereza wa kwanza. Ya Wanepali hakuna, ya Wakongo hakuna. Nilirudi baada ya miaka kumwomba mzee radhi, akanisamehe kabla sijamaliza kusema. Afadhali angenifukuza.

Mwanangu, wewe unayeongea Kiingereza vizuri kuliko wazazi wako, na unayewasemea hospitalini na shuleni, nakuusia. Neno la mtu ni mali yake hata likiwa kinywani mwako. Usilolijua uliza, unalodhani unalijua uliza pia, na usiliongezee kitu. Siku utakapokosea, maana utakosea, usitafute basi. Nenda ukaseme, "Ni mimi," watu wangali wamekaa. Kosa langu la kwanza lilikuwa la neno tu, na lilikuwa na dawa. La pili lilikuwa la miguu, na ndilo lililowanyima watoto wa watu pa kucheza.

Mungu akupe sikio lenye subira na ulimi mwepesi wa kuungama. Akujalie wazee wa kukukemea, na ujasiri wa kurudi kwao jua lingali juu. Amina.