Sabuni Iliyokatwa Pembe

Mawese yakichemka pamoja na soda kali hutoa harufu inayokwaruza koo. Harufu hiyo ndiyo iliyokuwa saa yetu ya asubuhi hapa Rumonge, mwaka ule tulipomzika mama. Baba alikuwa ametangulia. Niliacha shule darasa la sita nikashika kazi ya mama: kuchemsha sabuni, kuimwaga katika sanduku la mbao, na ikishaganda kuikata vipande kwa waya. Mdogo wangu Zaina alibaki shuleni. Hilo nilikuwa nimeliapia, kwamba mmoja wetu atafika mwisho.

Msimu wa mvua, mwalimu wao wa hesabu alimtaka kila mwanafunzi alete mchemraba wa katoni. Paa letu lilivuja, katoni ikalowa, kingo zikaachana. Zaina, ambaye wenzake walikwisha kumcheka kwa kunuka mawese, akaketi chini. "Yaya," akasema, maana ndivyo tunavyomwita mkubwa kwetu, "siendi tena. Tuchemshe sabuni wote." Nilichukua waya nikamkatia mchemraba wa sabuni, pande zote sawa. Akaupokea kwa hasira, ukaanguka, pembe moja ikamegeka.

Niliisawazisha ile pembe kwa waya, nikaona umbo limebaki kilema, basi nikakata na zile saba zifanane nayo. Hazikulingana. Nikarudia, kidogo huku, kidogo kule. Mama Yusufu, jirani aliyekuja kununua sabuni, akasimama mlangoni akicheka. "We mutoto, bandu bandu huisha gogo! Iko nini hiyo? Mwalimu aliomba mchemraba, wewe utamupelekea makombo." Machozi yalinilengalenga, lakini mkono haukusimama, hadi mikato ikakutana katikati ya kila ukingo. Hapo umbo likatulia: miraba sita midogo iliyosimama kwa ncha, pembetatu nane kati yake, na kila pembe sawa na nyingine. Zaina aliligeuza mkononi, akazihesabu nyuso zake mara mbili, akalifunga katika kanga ya mama, akaenda.

Alirudi mchana akikimbia. Mwalimu hakumpa alama, kwani halikuwa mchemraba; ila aliliweka mezani, darasa zima likahesabu nyuso zake. Kisha akamtuma kwangu na swali: nikianza na umbo la pembetatu nane, kama piramidi mbili zilizobandikwa kitako kwa kitako, nikazikata pembe zake sita vivyo hivyo, nitapata nini? Tulichonga pamoja hadi alasiri. Likatoka lile lile.

"Yaya," akasema, "tumeanzia pengine, tumefika pale pale."

Kesho yake hakungoja nimwamshe.

Sasa Zaina anafundisha hesabu Bujumbura, na katika kompyuta yake maumbo hukatwa bila kuacha makombo. Mimi bado niko Rumonge. Sabuni zangu hutoka katika vyombo vya plastiki zikiwa tayari zimeviringwa pembe, na waya umetundikwa ukutani. Juzi alinipigia simu: je, nikilikata tena umbo letu la zamani, pembe zake zote kumi na mbili, nitapata nini? Nikaushusha waya. Nikamwambia zimetoka nyuso ishirini na sita, ila zile kumi na mbili mpya si miraba, zimerefuka kidogo. Akafungua kitabu, akanisomea jibu hilo hilo. Nikayazoa makombo, nikayarudisha chunguni.