Prosesa Iliyopendwa na Paka

Kompyuta yangu ya zamani ilikufa katikati ya harusi ya watu. Nilikuwa nahariri video yao, bwana harusi ndio kwanza kainua kisu akate keki, mara skrini ikawa nyeusi na haikuwaka tena. Kazi yangu hapa Sumbawanga ni hiyo: harusi, sendofu, kipaimara, jubilei za masista. Bila kompyuta mimi ni mwanamke mwenye meza tu. Nikapiga kelele, na mimi nikikasirika hata jirani wa tatu anajua. Mama akauliza kutoka chumbani kwake kama nimeumwa na nyoka.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, dada," alisema mdogo wangu wa kiume nilipompigia simu. Ana kibanda cha kutengeneza kompyuta mjini, na methali ndiyo salamu yake kwa wateja. Akasema tusinunue iliyokwisha kuundwa. Tutaiunda wenyewe, kipande kwa kipande, na cha kwanza kuchagua ni prosesa, ule ubongo unaofanya kazi yote.

Hapo nikajikuta katikati ya ugomvi usionihusu. Kampuni kubwa zinazoshindania prosesa za kompyuta za mezani ni mbili, na mashabiki wake wanatukanana mtandaoni kuliko mashabiki wa mpira. Majina siyataji, nataka kuishi kwa amani. Mdogo wangu alinipendekezea moja kutoka kila upande. Kwa kazi yangu zilikaribiana sana. Ya kwanza ilikuwa tulivu, inakula umeme kidogo, haichemki. Ya pili ilikuwa na kasi kidogo zaidi, lakini ukiipa kazi nzito inabugia umeme na kutema joto. Kila mtu niliyemsoma mtandaoni aliisema vibaya kwa joto hilo. Hata mteja wangu mmoja wa Kaoze, kule chini bondeni ambako watu hulala madirisha wazi, aliniambia nisithubutu. Nikamwambia mdogo wangu aagize ile tulivu.

Lakini nyumbani nilikuwa na vita nyingine, na hiyo ilikuwa inaninyima raha kuliko kompyuta. Mama alikuja kukaa nami baada ya baba kufariki. Alitoka kijijini, upande wa Matai, na kikohozi ambacho hakikuisha. Daktari akampima, akaniita pembeni, akasema miaka yote ya kupika kwa kuni imekula kifua cha mama, na moshi ukiendelea hatutakuwa naye muda mrefu. Alinitazama usoni alipokuwa anasema hivyo. Nililia njia nzima.

Sasa mwambie mama huyo asikae na moto, mwezi wa saba, huku kwetu Ufipa! Upepo ule ukianza hauna adabu, unaingia hadi kwenye mifupa. Nyumba yangu ina sakafu ya vigae, na mama alisema anajiona kama samaki kwenye friji. Nikamnunulia soksi, sweta, blanketi. Asubuhi moja naingia chumbani kumwamkia, "Shikamoo mama," nakuta jiko la mkaa chini ya kitanda, bado lina vuguvugu, na dirisha limefungwa. Jiko la mkaa! Chumba kimefungwa!

"Mama, unataka kuniua?"

"Wewe nikuue kwa lipi? Jiko liko chumbani kwangu."

Nilifoka, Mungu anisamehe. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu kwamba kama moto ni dhambi katika nyumba hii, yeye atapanda gari arudi kwake, ambako hakuna anayemchungulia uvunguni. Siku hiyohiyo nikanunua hita ya umeme. Aliiwasha, akaitazama ilivyokuwa nyekundu, akaizima, akaizungushia waya wake vizuri na kuirudisha kwenye boksi. "Umeme wote huo uungue nipate joto mimi peke yangu? Kwani mimi askofu?" Ukiwajua wazee wa Kifipa utajua kwamba hapo mjadala ulikuwa umefungwa. Kitu kinachoungua bila kuivisha chochote wao hawakiwezi.

Nilikwenda kibandani kwa mdogo wangu nikiwa nimevimba kwa hasira, nimpe hela ya vipande vyetu. Asubuhi ilikuwa ya baridi kali. Juu ya meza kulikuwa na kompyuta mbili za wateja, na kwa bahati moja ilikuwa na prosesa ile tulivu na nyingine ile ya joto, zote zinajaribiwa kwa kazi nzito. Nyuma ya ile ya joto, pale feni inapotolea hewa, paka wake alikuwa amelala chali, miguu minne juu, hana habari na dunia. Nyuma ya ile tulivu hapakuwa na kitu.

Nikamsukuma paka kidogo, nikaweka mkono. Joto safi, kavu, halina moshi wala harufu. Na mashine ilikuwa kazini.

"Bado hujaagiza?" nikamuuliza.

"Naagiza mchana."

"Agiza hii."

Akacheka mpaka akashika meza. "Dada, dunia nzima inakimbia joto, wewe unalinunua?" Nikamwambia dunia nzima haina mama yangu. Hapo akaacha kucheka, maana ni mama yake pia.

Vipande vilipofika tuliunda kompyuta sebuleni kwangu. Nikaipeleka kwenye chumba changu cha kazi, kidogo kama stoo, nikaiweka mgongo wake ukielekea mlangoni. Sikumwita mama. Nilianza kutengeneza harusi ile ya keki, feni ikanguruma, chumba kikapata joto. Haukupita muda akasimama mlangoni na khanga yake mabegani.

"Hii inaunguza nini?"

"Haiunguzi kitu, mama. Iko kazini. Hilo ni joto linalomwagika tu."

"Linamwagika bure?"

"Bure kabisa."

Akaingia na kigoda chake. Akanyoosha miguu pale nyuma, akashusha pumzi. Tangu siku hiyo kila nilipowasha alikuja. Alikunywa uji wake wa ulezi pale, akachambua maharage pale, na akajifanya bosi wangu. "Huyu bibi harusi mbona amenuna? Mkate." "Mkate bibi harusi, mama?" "Basi mkate shangazi yake, anatafuna tu." Jiko alimpa jirani bila kuniambia. Kikohozi kikalegea. Tuliporudi kliniki daktari alisikiliza kifua, akauliza tumefanya nini, na mimi nikaona haya kumwambia tumenunua prosesa.

Nikajisifu kwa mdogo wangu wiki nzima.

Ukafika mwezi wa kumi, kabla ya mvua. Jua likawa kali, na kile chumba kikawa tanuri. Mimi mwenyewe nilikuwa nahariri huku nimefungua dirisha na mlango, jasho linanitiririka, nikiilaani ile prosesa na paka aliyenishauri. Mama alikuwa kwenye kigoda chake, anajipepea kwa kipande cha boksi, uso unang'aa kwa jasho. Nikamwonea huruma.

"Mama, baridi imekwisha. Nenda ukakae barazani, kuna upepo mzuri."

Hakuinuka. Alinitazama kama mtu anayeshangaa mtoto mkubwa kiasi hiki hajajua kuvaa viatu.

"Barazani kuna upepo," akasema. "Wewe hupo."