Salama Aliyejifunza Kupanda Taratibu

Saa moja asubuhi ukungu bado umeufunika msitu wa Magamba, juu ya mji wa Lushoto, na Salama Shekue hatulii. Anakaza kamba za viatu, anazilegeza, anazikaza tena. Nyuma yake walimu sita kutoka Handeni wamejikunyata kwa baridi, wanasubiri kuondoka.

"Leo ndiyo leo," anasema akicheka. "Nikiharibu safari hii, narudi kubeba mabegi ya watu."

Mama huyu wa watoto watatu, mkazi wa Kwai, amekuwa mpagazi wa watalii kwa miaka saba. Anachotaka ni kuwa mwongozaji. Katika kikundi chao hakuna mtihani wa kuandika. Anayeomba kazi anawaongoza wageni hadi kileleni, na mkongwe wao, mzee Valentino, anatembea nyuma kabisa bila kusema neno. Wageni wakifika na furaha zao, umepita.

Mwaka jana alianguka vibaya katika jaribio hilo. Tangu akiwa binti alipeleka kabichi sokoni kichwani, na mwanamke mwenye mzigo hazunguki mlima, anakata moja kwa moja. Basi na wageni akawapitisha njia hizo hizo za mkato.

"Niliona nawasaidia, wawahi," anaeleza. "Na tuliwahi kweli! Lakini mmoja alitapika, mwingine akakaa chini akasema hainuki mpaka aletewe gari. Gari, huku!"

Tunaingia msituni, na mara moja kelele zinaanza. Walimu wanataka kupiga picha kila mti. Kwenye mti mmoja wa mkulo, mnene kuliko yote, wanashikana mikono kuuzunguka, hawafikiani. Salama anajiunga, nami naweka kalamu mfukoni najiunga. Bado hatufikiani, na raha yake haielezeki.

"Baba alikuwa mpasua mbao," Salama anasema, shavu lake likiwa kwenye gome. "Huu uliwashinda. Msumeno wao ulikuwa mfupi, namshukuru Mungu."

Juu kidogo njia inagawanyika. Kushoto ni mkato, kulia ni mzunguko. Salama anashika kulia, lakini miguu ina mazoea yake. Kufumba na kufumbua ameliacha kundi mbali. Nyuma, Mwalimu Paskali, mtu mwenye mwili wake, ameshika kiuno na jasho linamtiririka. Mzee Valentino anajifanya anatazama miti.

Salama anageuka, anaona, anashika kichwa. Kisha anarudi mbio.

"Mwalimu, njoo utangulie wewe. Ukisimama, wote tunasimama."

"Mama, mimi njia siijui!"

"Njia nitakuambia. Wewe nipe mwendo tu, wangu mbovu."

Watu wanacheka, Paskali anapita mbele. Mgeni kumtangulia mwongozaji? Sijawahi kuliona jambo hilo, na kwa jinsi mzee Valentino alivyokunja uso, naye hajaliona. Nakiri, namwogopea huyu mama.

Tunapanda hivyo, hatua kwa hatua, tukisimama kila Paskali akitaka pumzi. Anayefika kileleni wa kwanza ni yeye, mikono juu, akipiga kelele kama aliyefunga goli. Ukungu unapasuka na tambarare za Mkomazi zinaonekana chini kabisa, na walimu wote wanapiga kelele naye.

Hapo mzee Valentino anafungua mdomo.

"Jumamosi kuna kundi la wanafunzi. Utawapandisha wewe."

"Na wewe, mzee?"

"Mimi nitakuwa shambani kwangu."

Salama anaruka, anamkumbatia mwalimu mmoja baada ya mwingine, Kishambaa kinamtoka mfululizo. Anapotulia kidogo namuuliza ana mpango gani sasa. Ananyoosha kidole chini, kwenye kijia ambapo wanawake wanashuka na mizigo kwenda sokoni.

"Mama yangu amepita hapo maisha yake yote," anasema, machozi yakimlengalenga. "Huku juu hajawahi kufika. Angefuata nini, na kabichi kichwani? Wanafunzi nitawapandisha Jumamosi, sawa. Jumapili nakuja na mama, mikono mitupu."