Maharage Nyuma ya Nyumba

Wiki hii nilimtazama jirani yangu Mkongo hapa katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale akitengeneza nyumba yake aiuze, kwa kuwa yeye na mkewe wanahamia Mbarara. Ardhi si yetu, kwa hiyo mtu huuza kuta na mabati tu, na kuta lazima zipendeze. Aliziba nyufa kwa udongo, akapaka chokaa. Kisha akaenda nyuma, akaondoa mawe yaliyozunguka kaburi la mtoto wao, akapandikiza miche ya maharage juu yake.

"Mununuzi akiona kaburi, atashusha bei," aliniambia bila kunitazama. Mkewe alikuwa akifagia uwanja kwa mara ya tatu.

Mnunuzi akafika kutoka kambi ya Oruchinga. Aligonga ukuta kwa kidole, akahesabu mabati, akaridhika. Akazunguka nyuma, akachomeka fimbo yake katikati ya maharage.

"Hapa ni fasi nzuri ya choo," akasema. "Udongo ni laini."

Mke akaweka ufagio chini.

"Hapana, papa. Hapo kuko mutoto wetu."

Yule mgeni akachomoa fimbo taratibu, akavua kofia. Alipoivaa tena, akataja bei ndogo zaidi.

Wajuzi hutushauri tufiche kasoro za nyumba ili ituletee bei nzuri. Jirani yangu aliwatii mpaka pale. Bei ile hakuibishia. Aliinama akaanza kung'oa maharage, mche mmoja mmoja, na mkewe akaenda kuyaokota mawe.