Benchi Mbele ya Chumba cha Kupimia

Shangazi yangu amefagia zahanati ile miaka kumi na tisa, na hakuna daktari aliyewahi kumuuliza chochote zaidi ya mahali ilipo ndoo. Shauri yao.

Siku moja alikuja mtaalamu wa tabia, kijana mwenye tai, kueleza kwa nini wanawake hawaji kupimwa saratani ya mlango wa kizazi. Akachora mishale ubaoni: mtu hupimwa akiamini yuko hatarini, na akiona faida inazidi vikwazo. Wauguzi wakaandika. Mwishowe wakakubaliana kwamba wanawake wa mtaa wetu ni waoga, basi yaongezwe mabango ya kuwatisha.

Shangazi, aliyekuwa akipiga deki mlangoni, alipanda mori. Binti yake alikuwa akitokwa damu nje ya siku zake, mwezi wa tatu sasa. Hatari aliijua fika. Mara mbili alifika pale, mara mbili akageuka. Chumba cha kupimia kilitazamana na benchi la wanaosubiri dawa, limejaa wanaume, baba mkwe wake akiwemo. Ukiingia tu, mtaa mzima una habari zako.

"Vikwazo mmevitaja wenyewe," shangazi aliwaambia. "Kimoja kile pale, kina miguu minne."

Wakacheka. Kesho yake asubuhi akaliburuta benchi hadi upande wa pili wa ukumbi. Msimamizi akalirudisha. Shangazi akaliburuta tena, mchana kweupe, watu wakitazama.

"Mama, nani kakupa ruhusa?" msimamizi alifoka.

Shangazi akalikalia. "Ukitaka lirudi, libebe na mimi juu yake. Kilo tisini na mbili. Karibu, baba."

Wanaume wakaangua kicheko, wakawazunguka. Hapo ndipo binamu yangu alipoingia zahanati, akapita nyuma ya migongo yao, akafunga mlango wa chumba. Shangazi alimwona. Ugomvi ungeweza kuishia pale, lakini aliukoleza kwa nusu saa nzima, akimchokoza msimamizi kwa adabu zote, ili asigeuke mtu hata mmoja, mpaka binti alipotoka.

Walichokikuta kilikuwa kidogo, na kimetibiwa. Muuguzi alisema angechelewa mwaka mmoja, tungekuwa tunaongea mengine. Sasa anayetaka kuniambia kwamba binamu yangu alikuwa mwoga, aje aseme mbele ya shangazi.