Lugha Nilizozikataa

Ipo siku moja, mwanangu, naikumbuka vizuri kuliko jana: siku niliyomcheka Nafula mbele ya wateja. Tulikuwa wasichana, tukishona nguo katika duka la mama mmoja Mgujarati katikati ya jiji. Tulitoka magharibi pamoja, lakini Nafula hakutosheka na Kibukusu chetu. Cherehani ikinguruma, anamuuliza mwenye duka kitufe wanakiitaje kwao. Akigeuka, anapiga gumzo na mteja kwa Kikuyu. Wateja wakawa wanamtaka yeye tu. Kwa wivu nikasema kwa sauti kwamba anajipendekeza, kwamba karibu avae sari.

Hakukasirika. Jioni alitaka kunifundisha maneno matatu kwa siku. Nikamwambia kichwa changu si pipa la takataka. Ujinga ulioje!

Mwaka huu nilitoka kununua sukari hapa Waithaka, nikasimama barabarani nisijue kwangu ni wapi. Nafula, jirani yangu hadi leo, ndiye aliyenishika mkono hadi nyumbani. Tulikwenda hospitali pamoja, naye pia akaomba apigwe picha ya kichwa. Daktari akasema picha zetu zinafanana, bongo zote mbili zimechakaa. Lakini Nafula bado anataniana na muuza mboga, anakumbuka hata vipimo vya kiuno changu cha zamani!

"Mbona yeye?" nikauliza, na sikuuliza kwa upole.

"Shosho, sehemu za ubongo huunganishwa na njia nyingi," akasema daktari, akiniita bibi kwa Kikuyu. "Mwenzako amezizoesha njia zake tangu ujana. Moja ikiharibika, anapitia nyingine. Si kinga kamili, lakini inasaidia."

Sitakuficha, nilimwonea wivu palepale, mkono wangu ukiwa ndani ya wake. Ningeweza kumpokonya kile kichwa, ningempokonya.

Siku hizi ananifundisha. Juzi jina la mjukuu wangu lilinipotea, lakini "kem cho", ile salamu ya Kigujarati, ikaja yenyewe. Nikacheka, kisha nikalia.

Basi jifunze, mwanangu, hata kisichokulipa. Jifunze lugha ya jirani, wimbo mgumu, ufundi usioujua. Kaa na watu mzungumze. Na ukimwonea mtu wivu kwa anachokijua, meza kiburi umwombe akufundishe siku hiyohiyo.

Mungu akupe uzee wenye akili timamu. Na alitunze jina langu kichwani mwako, siku nitakapokutazama nikashindwa kukumbuka lako.